Waraka kwa Waheshimiwa Wabunge: Sufuria la Mama Yake

Waheshimiwa Wabunge,

Poleni na kazi ya kupitisha bajeti. Tunajua kusema "ndiyo" mara nyingi namna ile kunachosha koo.

Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kusamehe wafungwa. Desemba 9, 2019, walisamehewa 5,533 kwa mpigo. Ni huruma, hatuibezi. Ila ninyi mnaoshika mfuko wa taifa mtakubali kuwa ni huruma ya bei nafuu: chakula cha watu zaidi ya elfu tano kilifutika kwenye hesabu za Magereza. Kilihamia wapi? Sisi wa mitaani tunajua. Kila aliyesamehewa, chakula chake kilihamia kwenye sufuria la mama yake.

Gerezani mtu hufundishwa kazi, tena kazi ya maana. Jeshi la Magereza lina chuo cha ufundi Ruanda, Mbeya. Karanga, Moshi, kuna kiwanda cha viatu. Na shirika lao la uzalishaji, Shirika la Magereza, limekuwapo tangu miaka ya 1970. Huenda hata kiti mnachokalia ofisini kilirandwa na mfungwa. Fundi huyo akirudi uraiani, bila randa wala msumeno, anaambiwa ajitegemee. Anakwenda halmashauri kuulizia ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani. Anaelezwa kwa adabu kwamba 4 ni za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Yeye ni mwanamume wa miaka 50, mzima wa viungo. Hilo ndilo kosa lake la pili.

Hata angekuwa kijana, mikopo ile imezoea vikundi, na kikundi ni watu wanaoaminiana. Nani ataweka sahihi yake kando ya jina la mtu aliyetoka gereza la Ukonga juzi?

Kuhusu doa la kifungo, Katiba haikuwasahau wanaotamani viti vyenu: Ibara ya 67, inapozungumzia utovu wa uaminifu, inataja pia hukumu za kipindi cha miaka 5 kabla ya Uchaguzi Mkuu. Dereva wa lori aliyewahi kufungwa, anayedaiwa cheti cha polisi, tungependa kujua yeye amepimiwa miaka mingapi.

Najua mtajibu kwamba vijana waaminifu wenyewe hawana mtaji, iweje mwizi atangulie. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa aliyeibiwa. Lakini fedha za umma zimekwisha kutumika kumlinda mfungwa huyu, kumlisha na kumfunza ufundi. Zinakatika langoni, pale pale ufundi ulipotakiwa uanze kulipa. Akirudi ndani, tunalipa upya, na aliyeibiwa anaibiwa upya.

Basi tunaomba mambo yasiyo makubwa. Sehemu ya mauzo ya viti na viatu vile itengwe kununua vifaa vya kazi vya anayemaliza kifungo. Halmashauri ziruhusiwe kumtambua kama mkopaji kwa haki yake, bila kujali umri wala jinsia. Na maafisa ustawi wa jamii wapewe nauli ya kumfuatilia kijijini walau mwaka wake wa kwanza.

Kama kasma ya mambo haya ipo tayari, tunaomba radhi kwa kuwasumbua. Itajeni bungeni, na mtaje na kiasi chake.

Wenu,
Mlipakodi