Bwana Stesheni

Katika burudani zote ambazo mtu mzima, aliyejaaliwa riziki ya kadiri na jioni tulivu, aweza kujichagulia, hapana iliyo ndogo kwa umbo na kubwa kwa taabu kama kujenga kwa mkono, kijiti kwa kijiti, majumba ya mbao ya reli ya mfano. Wako wanaoyanunua madukani, yamekwisha kukatwa na kupakwa rangi. Hao ni wapangaji, sisi ndio wenye nyumba.

Kipimo kipendwacho na wengi ni moja kwa 87: mlango wa mita 2 huwa milimita 23, na njia ya reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa tangu 1896 hata 1901 kwa upana wa mita moja, hubaki milimita 11 na nusu. Hesabu hii ni ya haki, na mbao huitii. Lakini viko vitu vitatu visivyokubali asilani kugawanywa kwa 87, navyo ni gundi, vidole na jamaa.

Tone la gundi lililoonekana si kitu katika ncha ya sindano, lilipofika katika ghala la stesheni yangu likawa ziwa. Ubao mwembamba ukanywa maji yake, na ukuta wa mashariki ukainama kuutazama wa magharibi. Dirisha nalo lilishikamana na kidole gumba changu, ikanilazimu kumpokea mgeni kwa mkono wenye dirisha.

Ama jamaa, hao ni bahari nyingine. Mnara wa tangi la maji, ambao pasipo huo garimoshi la mvuke lisingethubutu kuikabili nyika ya Taru, nilikusudia kuusimamisha juu ya vijiti vya kuchokolea meno, kwani kijiti chenye unene wa milimita 2 kikizidishwa mara 87 ni gogo la sentimita 17 na ushei. Nilivisugua kwa msasa, nikavichovya katika chai ya rangi iliyokolea ili vipate sura ya mbao zilizopigwa jua, kisha nikavipanga kisahanini vikauke. Ijumaa ile alikuja ndugu wa mke wangu, akala biriani kwa haki yake yote, akatazama huku na huku, akanyoosha mkono.

"Shemeji," akasema baada ya kitambo, "vijiti vyenu vina ladha ya chai."

"Hizo ni nguzo, shemeji."

"Nguzo za nini?"

"Za tangi la maji."

Akakitoa kinywani kwa heshima, akakipangusa kwa leso, akakirudisha kisahanini baina ya vingine. Na kwa kuwa vyote vilikuwa vya rangi moja, hapana ajuaye hata leo ni kipi.

Paa la karatasi ya fedha, niliyoikandamiza juu ya meno ya kitana ipate mikunjo ya bati, liliezuliwa na chafya ya mtoto, likaezekwa tena. Sasa stesheni imetimia: ina ghala, tangi, kengele na benchi la abiria. Garimoshi lenyewe bado sijalinunua.