Namna ya Kuongeza Kasi ya Intaneti Nchelenge Bila Kumsumbua Mwenye Mnara

Mwongozo huu ni wa kila mwenye simu janja kati ya Kashikishi na Nchelenge Boma, kando ya Ziwa Mweru, Zambia. Ni wa mkimbizi wa kambi ya Mantapala anayesubiri picha ya mjukuu kutoka Pweto, Kongo, na wa mama muuza samaki wadogo wa chisense anayetaka kujua bei ya Kitwe kabla magunia hayajapakiwa. Wote wanatazama kitu kimoja: kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo bila kufika popote. Wataalamu wa kijiweni wamekwisha toa hukumu kwamba simu ndiyo yenye makosa. Basi tuitekeleze hukumu hiyo, hatua kwa hatua, mpaka simu ikome.

Hatua ya kwanza: chagua msimu

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wa Mweru wazaane. Mitumbwi imelala mchangani, nyavu zimekunjwa, na vidole vilivyozoea kufumua mafundo havina kazi. Huu ndio wakati wa kuifungua simu. Samaki ana sheria ya kumlinda miezi mitatu kila mwaka; simu haina.

Hatua ya pili: sasisha kila kitu, kwa bando lako

Simu ikitangaza kwamba kuna toleo jipya la mfumo, bonyeza hapo hapo. Usisome ukubwa wake. Kusoma ni kazi ya waoga. Sasisho kubwa la Android linaweza kuzidi GB 1, na bando la wiki huishia njiani. Ukinunua jingine, utakuwa umeonyesha nia.

Fanya hivyo saa moja jioni, kijiji kizima kikiwa mtandaoni, chaji ikiwa asilimia 12 na shirika la Zesco limekata umeme. Mwaka 2024 zoezi hili lilikuwa na ladha ya pekee: ukame ulikausha maji ya bwawa la umeme la Kariba, Rais Hakainde Hichilema akatangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari, na nchi nzima ikajifunza kuchaji simu kwa kuvizia. Simu nyingi za kisasa hukataa kuanza kusasisha chaji ikiwa chini. Ikikukatalia, itukane kidogo ujaribu tena.

Kwa haki ya sasisho, tuseme linachofanya. Linaziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huingilia, linarekebisha hitilafu za programu, na mara mojamoja linaiponya ile sehemu ya simu inayozungumza na mnara. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 kuna hata utaratibu wa kuandika mfumo mpya pembeni huku wa zamani ukiendelea kufanya kazi, ili mambo yakiharibika simu irudi ilikokuwa. Yote hayo ni mema. Ila hakuna sasisho lililowahi kuongeza antena hata moja kwenye mnara wa Kashikishi.

Hatua ya tatu: ruti simu

Sasa tunaingia kwa wakubwa. Kuruti ni kujipa mamlaka yote juu ya mfumo wa simu, yale ambayo mtengenezaji amejiwekea mwenyewe. Jambo hili lina historia. Simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1, ilitoka Marekani Oktoba 2008, na wiki chache baadaye watu wakagundua kioja: kila ulichoandika kwenye kibodi yake, mfumo ulikisoma chini kwa chini kama amri ya bwana mkubwa. Mtu alimwandikia rafiki yake neno la Kiingereza la kuzima na kuwasha upya, akabonyeza kitufe cha kuingiza, na simu ikatii. Mwanya huo ulizibwa upesi. Siku hizi wengi hutumia Magisk, iliyoanza mwaka 2016, na kazi yake inataka kompyuta, waya mzima na roho ngumu.

Utaratibu ni huu. Kwanza unafungua kufuli la mfumo, na kwa kufanya hivyo simu inafuta kila kilichomo: picha za harusi, namba za wateja wa Kasumbalesa, sauti ya marehemu babu. Pili, ikiwa ni Samsung, fyuzi ndogo ya ndani inaungua. Fyuzi hiyo haina spea, na hata ukirudisha mfumo wa kiwandani itaendelea kushuhudia dhidi yako. Tatu, programu ya benki itaichungulia simu, itagundua kufuli limevunjwa, na huenda ikakataa kufunguka. Nne, sasisho ulilolilipia kwa mabando mawili katika hatua ya pili huenda lisikubali tena kuingia.

Ukikosea faili moja, lile la toleo linalofanana na lako lakini si lako, simu itakwama kwenye nembo: inawaka, inaonyesha jina la kampuni, inazima, inawaka tena. Hapo mpelekee fundi aliyevuka ziwa kutoka mji wa Kilwa, Kongo, umweleze ulichokuwa ukitafuta: kasi ya intaneti. Ataigeuza simu, atatoa laini, ataipuliza, ataiweka laini hiyo kwenye simu yake mwenyewe, atangoja kidogo, kisha atasema: «Papa, hata telefone yangu iko vile vile. Rezo njo inasumbua.» Usimlipe. Fundi anayesema ukweli hana biashara. Tafuta mwingine atakayeiflashi mara tatu.

Hatua ya nne: pakua programu ya kuongeza mtandao

Ziko tele, nazo zina roketi kwenye nembo. Ukibonyeza kitufe, mshale unapanda, namba zinakimbia, na maandishi ya kijani yanakupongeza. Kinachofanyika nyuma ya pazia ni kwamba programu imezima programu nyingine mbili tatu, ambazo zitajiwasha zenyewe baada ya muda, na imekuonyesha tangazo la video. Tangazo hilo limekula data yako. Kwa hiyo kasi imeongezeka kweli: kasi ya bando kuisha.

Hatua ya tano: soma namba za siri

Piga *#*#4636#*#*. Simu nyingi za Android zitakufungulia ukurasa wa majaribio unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba zote ni hasi, na iliyo karibu na sifuri ndiyo bora: kwenye 4G, -80 ni neema, -100 ni ya kuvumilia, -115 ni ya kukutoa nje ya nyumba.

Tahadhari: hatua hii ina hatari ya kukufundisha kitu. Unaweza kukuta -80 safi, vijiti vyote vimejaa, na bado picha haifunguki. Hapo tatizo si mawimbi. Mnara ni sinia moja la nshima: wakija watu kumi kila mmoja anashiba, wakija mia tano kila mmoja analamba kidole, na aliyeruti simu amenoa kijiko tu. Juu ya hapo mnara wenyewe unategemea umeme, betri na dizeli, na njia inayoubeba mzigo wake hadi mjini ina upana wake. Hayo yote yako nje ya mfuko wako wa suruali.

Hatua ya sita: panda mtumbwi

Maji hayana miti wala vilima, kwa hiyo mawimbi husafiri mbali juu yake. Wengi huhitimisha kwamba katikati ya ziwa ndipo penye mtandao bora. Mweru lina upana unaofika takriban kilomita 50, na mtandao wa 2G wa kawaida una sheria yake: mnara huhesabu muda wa sauti yako kufika, na ukipita kilomita 35 haukuhudumii hata kama mawimbi yanakufikia. Utaona vijiti na hutapata simu.

Ukisogelea kisiwa cha Kilwa, ambacho ni cha Zambia ingawa kiko karibu zaidi na ufuko wa Kongo, simu inaweza kuhamia mtandao wa ng'ambo bila kukuaga. Kama umewasha huduma ya kutumia mitandao ya nje, utakuwa umetoka nchini bila pasipoti, na salio litakueleza.

Ukishindwa kote

Kwa wasio na ujasiri wa kuua simu, kuna njia za kinyonge zinazosaidia. Weka hali ya ndege kwa sekunde chache kisha itoe, simu itafute mnara upya. 4G ikijaa watu, jaribu 3G. Zima masasisho ya kujiendesha, na lile la usalama lichukue alfajiri au kwenye Wi-Fi ya mtu mwenye moyo. Tumia Opera Mini, ambayo tangu 2006 huzipunguza kurasa uzito kabla hazijakufikia. Kabla ya kununua simu iliyopitia Dubai au Lubumbashi, iwekee laini yako uone kama inashika 4G ya hapa, maana nyingine hazina masafa yetu. Wenye uwezo wana Starlink, iliyoanza kutoa huduma Zambia Oktoba 2023, lakini bei yake si ya chisense.

Njia ya mwisho ndiyo inayochukiwa kuliko zote kwa sababu inataka kalamu. Andika siku, saa, mahali na namba ya dBm, majirani zako wafanye vivyo hivyo kwa wiki mbili, kisha karatasi hizo zipelekeni kwa kampuni mnayoilipa. Wakinyamaza, zipelekeni ZICTA, mamlaka inayosimamia ubora wa huduma hizi. Mtu mmoja akilalamika ataambiwa azime simu na kuiwasha. Soko zima la Kashikishi likileta saa na namba zinazofanana, itabidi wauangalie mnara.