Machungwa ya Mtaroni

Katika mambo ambayo mtu mzima mwenye akili timamu, aliyestaafu ualimu kwa heshima na mwenye mke anayemjua vyema, anaweza kuyachagua yawe burudani ya jioni zake, kama vile bao, kahawa ya barazani, taarabu, ufugaji wa njiwa na hata ubishi wa siasa, sikuona hata moja lililonikaa moyoni kama kuchora ramani ya mitaro ya maji ya mvua ipitayo chini ya Mji Mkongwe wa Unguja. Na tangu azma hiyo itangazwe nyumbani kwangu nimesikia maoni mengi, ambayo adabu hainiruhusu kuyanukuu yote.

Sikuwa wa kwanza duniani. Mfaransa Nadar, mpiga picha mashuhuri, alishuka chini ya Paris katika miaka ya 1860 akiwa na taa za umeme wa betri, na kwa kuwa picha moja ilihitaji dakika nyingi za utulivu ambao binadamu hana, akasimamisha masanamu yaliyovikwa nguo za wafanyakazi; nami kila nikilikumbuka jambo hilo huyaonea wivu masanamu yale, maana hayakuulizwa neno na jirani. London nako mto mzima, uitwao Fleet, umefunikwa barabara, na apitaye katika mtaa wa Ray Street akisimama juu ya wavu wa chuma huusikia ukinguruma huko chini. Melbourne, katika nchi ya Australia, kuna jamaa waitwao Cave Clan, walioungana tangu 1986, ambao huingia mitaroni kwa miguu yao, na kanuni yao kuu ni kwamba mvua ikinyesha mtaro hauingiwi. Kanuni hiyo mimi nimeizidisha: hauingiwi hata jua likiwaka, kwa sababu mitaro yetu ni myembamba, na tumbo langu silo. Hata Dar es Salaam, kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakaazi wa mitaani walizunguka na simu mkononi, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wakiandika mitaro na njia za maji ili ijulikane mafuriko yatapita wapi. Hao walikuwa vijana, walikuwa wengi, na walikuwa na barua. Mimi nilikuwa na chaki, dira, tochi na daftari la mraba.

Yafaa msomaji ajue kwamba mji huu zamani ulikaribia kuwa kisiwa peke yake, umetengwa na Ng'ambo kwa mkono wa bahari ulioingilia upande wa Funguni, na mkono ule ukafukiwa kidogo kidogo hata leo magari yanapita juu yake pale Darajani. Watu wameridhika kwamba ni barabara. Maji ya mvua hayajapewa habari hiyo, nayo huteremka kule kule yalikoteremka enzi za mababu. Kadhalika ni ajabu kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, anasifiwa mpaka leo kwa kuyaleta mjini maji ya Chemchem, ilhali wale waliochimba njia za kuyatoa maji mjini hawakupata hata kichochoro cha kuitwa kwa jina lao. Shukrani zetu hukoma kwenye ndoo iliyojaa.

Basi, kwa kuwa kuingia haikuwezekana, niliazimia kuyafuata maji kwa wakala, na wakala niliyemteua alikuwa chungwa. Tunda hili huelea hali limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hauna amri juu yake, na wapimaji wa mito hulitumia kwa sababu hiyo hiyo. Nikayaandika machungwa namba kwa wino mweusi, nikayatumbukiza katika matundu mbalimbali mvua ilipoanza kupusa, na nikawaahidi watoto wa mtaani shilingi kadhaa kwa kila moja litakaloonekana likitokea na kuletwa kwangu pamoja na jina la mahali. Siku ya kwanza elimu ilistawi. Siku za baadaye ikastawi kupita kiasi: chungwa namba 4 liliokotwa Shangani na Malindi kwa wakati mmoja, namba 7 likaja likiwa bado na jani lake bichi, na kwa mujibu wa ushahidi uliokusanywa ulikuwako mtaro mkubwa uliopanda mlima, ukapita chini ya Darajani na kutokea katikati ya soko, kwenye meza za wauza machungwa. Niliwafundisha hesabu wengi wa baba zao, na kwa upande huo sikuwa na la kusikitika.

Nikageukia bizari. Ratili nzima niliimimina tunduni pamoja na ndoo za maji, kisha nikaenda pwani kungoja rangi ya manjano itokeze mdomoni mwa mtaro. Ilikuwa mwezi kumi na tano, na bahari yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka kadiri ya mita 4, hata maji yakijaa huufunika mdomo wa mtaro na kuyarudisha yale ya ndani yalikotoka. Ndiyo maana mvua ya masika ikikutana na bamvua, watu hupandisha magodoro juu ya makabati. Jioni ile haikuwa na mvua ya kutosha kumtisha mtu, lakini bizari ilikataliwa na bahari, ikarejea, ikachagua njia ya kando nisiyoijua, ikafurika katika ua wa bibi mmoja mjane.

"Mwalimu!" akaniita nilipopita. "Kuna karamu huko chini nasi hatukualikwa?"

Nilimshukuru kwa moyo safi, maana njia ile ya kando haikuwamo katika ramani yangu, nikaomba ruhusa nipime ua wake. Ruhusa niliipata baada ya kuufagia.

Fauka ya hayo, mtu apigaye magoti usiku akimulika shimo hawezi kuaminiwa kwamba anatafuta maji. Isipokuwa Mangapwani, ambako chumba cha kufichia watumwa kilichochongwa katika jiwe kipo kweli na si cha mzaha, kila nyumba kongwe hapa husimuliwa kuwa na njia ya siri iendayo baharini, na kila njia ya siri kuwa na sanduku. Mzee mmoja mwenye heshima zake akanivuta faraghani, akaninong'oneza kwamba hajali ni rupia au dhahabu, yeye ataridhika na thuluthi. Habari zikamfikia sheha, naye akaniita.

"Mwalimu, shikamoo. Nasikia unatafuta kitu."

"Marahaba. Natafuta maji ya mvua, Sheha."

"Maji ya mvua hutafutwa juu, Mwalimu."

Nilimfunulia ramani. Aliitazama kwa makini, akafuata mistari kwa kidole, akafika mahali mstari ulipopita chini ya nyumba ya shemeji yake, akakohoa na kuniachia niende zangu.

Shemeji huyo alikuja mwenyewe usiku, na halua mkononi. Jiko lake jipya lilikuwa limejengwa juu ya mtaro, na mfuniko wa zege umezikwa chini ya vigae. Hakukanusha, alitaka tu kujua kama mstari ungeweza, kwa hisani yangu, kusogea ukapita kwa jirani. Nikamweleza kwamba maji hayasomi ramani. Akanijibu kuwa manispaa inasoma. Halua tuliimaliza, mstari ukabaki pale pale, na tangu hapo salamu zake hunifikia kupitia kwa mke wangu, akiziambatisha na swali kama bado tunahitaji machungwa.