Laki Moja Iliyozama Kwenye Baiti ya 2,560

Mzee wa stoo alichanga laki moja kwa harusi ya mwenzetu wa idara ya masoko. Alipewa risiti, na kwa macho yake aliliona jina lake likiandikwa kwenye orodha, nambari 41. Siku ya kugawa kadi hakupata kadi. Orodha ilitoka kwa mtu wa 40 ikaingia moja kwa moja kwa binti wa mapokezi, kana kwamba mzee hajawahi kuzaliwa.

Lawama zikamwangukia mama mhazina. Ofisi yetu ni ya wastaarabu, kwa hiyo hakuna aliyetamka neno "kula". Walisema tu kwamba siku hizi mama anapendeza.

Mimi nilikuwa kimya kuliko wote. Orodha ile inakaa kwenye seva, na programu inayoongea na seva nimeiandika mimi. Hakuna aliyenituma. Mashine ya mapokezi ni ya kizamani, haina programu ya NFS, nami nikajitosa kuiandika mwenyewe, kwa kujidai. NFS ilitoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984, na kazi yake ni kufanya faili lililo kwenye kompyuta nyingine lionekane kama liko hapo hapo mezani pako. Uzito wote uko kwenye hilo neno "lionekane".

Nikaanza upelelezi kwa kuweka mistari ya kuchapisha kila hatua. Hitilafu ikatoweka. Nikaitoa mistari, hitilafu ikarudi. Nikairudisha, kimya. Gari linagonga njia nzima kutoka Mbagala, likifika kwa fundi linanguruma kama paka aliyeshiba! Wanaprogramu wana jina la ugonjwa huu, wamelichukua kwa mwanafizikia Heisenberg: hitilafu inayojificha ukiitazama. Hapa kwangu kuchapisha kulikuwa kunachelewesha kazi milisekunde chache tu, na uovu wote ulikuwa unatendeka ndani ya hizo hizo.

Basi nami nikaamuru programu ilale milisekunde 100 kila baada ya kuandika. Ndiyo, nimefanya hivyo, na asiye na dhambi kati yenu awe wa kwanza kunirushia kipanya. Ilitulia wiki mbili. Mishahara ikatoka, watu wakaja kuchanga kwa pamoja, majina matatu yakamezwa mchana mmoja.

Nikaweka kufuli. Anayetaka kugusa faili ashike ufunguo, asiuachie mpaka seva ijibu. Niliona nimemaliza, nikaenda kula. Huku nyuma dada wa chai akachomoa waya wa seva ili achemshe maji. Sasa, NFS kwa desturi haikati tamaa: seva isipojibu inauliza tena na tena, hata mpaka kesho. Programu yangu inagawa kazi zake kwa nyuzi kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja. Ufunguo ukabaki mkononi mwa uzi mmoja unaongoja jibu la maiti, nyuzi nyingine zote zikapanga foleni nyuma yake, mashine ikaganda, na wageni wa mkurugenzi wakakaa mapokezi saa nzima. Chai ilikuwa nzuri, sikatai.

Jioni mama mhazina alinikuta nimeinamia skrini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, niambie kweli. Mwenye mkono mrefu ni mimi au hiyo mashine yako?"

Nilimweleza hivi. Mama umemtuma mtoto akahesabu ndoo za maji kwenye pipa. Ameona kumi. Njiani amekuta wenzake wanacheza gololi, akasimama. Huku nyuma wewe umemimina ndoo ya kumi na moja. Mtoto anafika anahema: "Kumi, mama!" Ukimwamini, umeshaipoteza ndoo moja.

Programu yangu ilikuwa inamwamini mtoto wa gololi. Uzi mmoja unaandika mchango, na mwingine, ule unaochora dirisha la orodha, unaiuliza seva ukubwa wa faili. Kila jina linachukua baiti 64. Majina 40 ni baiti 2,560, na mzee wa stoo alipoingia zikawa 2,624. Ila lile swali lilikuwa limeshajibiwa kabla yake, na jibu likachelewa njiani: 2,560. Nikalipokea kama habari mpya. Na NFS haina amri ya "ongeza mwishoni". Programu ndiyo inayokokotoa mwisho uko wapi kwa ukubwa inaoujua. Binti wa mapokezi akaandikwa palepale, juu ya mzee, baiti kwa baiti.

"Kwa hiyo amemkalia," mama akasema.

Amemkalia, mama.

Mbio za namna hii, nyuzi mbili zikikimbilia faili moja, si mzaha. Tarehe 14 Agosti 2003 hitilafu ya aina hiyo ilinyamazisha king'ora cha tahadhari katika chumba cha kuongozea umeme huko Ohio, ikachangia giza lililowakumba watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada. Mimi nimeharibu kamati ya harusi tu, nashukuru.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari sita. Faili linapewa namba, na kila badiliko linaipandisha. Kabla ya kuuliza, naikariri namba. Jibu likirudi nikakuta namba imepanda, jibu nalitupa na kuuliza upya. Ufunguo unashikwa kwa kuitazama namba tu, hakuna kuukumbatia huku unangoja mtandao. Wenzetu wa Linux wana kaunta kama hiyo siku nyingi, ningewasoma kabla ya kujidai ningelala mapema.

Niliijaribu usiku kucha kwa majina 10,000 ya uongo. Hayakupungua hata moja. Mzee wa stoo akapata kadi ya watu wawili, na mama mhazina akaombwa radhi kwa soda.

Mwezi ujao kuna harusi nyingine. Orodha iko kwenye kaunta buku, kwa kalamu ya wino, na anayeandika ni mama peke yake.