Heko, Barua ya Mchungaji

Watu husifu alizeti za Singida, husifu kuku wake na vitunguu vyake. Mimi nasimama hapa Mtinko kuisifu karatasi: barua ya mchungaji, ile anayodaiwa kijana anayeomba kusomea shahada ya kwanza ya theolojia kwenye chuo kikuu cha kanisa. Haijapata mtu wa kuisemea, nayo yenyewe haijisemi, husema ya wengine tu.

Kwanza, inajua mambo. Huandikwa "tunamfahamu tangu utoto wake" na mtumishi aliyehamia usharikani juzi, ikathibitisha tabia ambayo hata mama mzazi angesita kuiapia. Pili, inanyoosha miguu: kwa mzee wa kanisa, kwa mwinjilisti wa mtaa, kwa mhazini, kwa katibu, kisha mjini Singida kwa wakubwa zaidi. Hayo tuyaache.

Sifa yake kuu ni uinjilisti. Sijaona mhubiri anayeleta watu kanisani kama barua hii. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka tu, Jumapili inayofuata mabenchi ya nyuma, yaliyokuwa makao ya mijusi, yanajaa. Kijana ambaye tangu kipaimara tulimwona kwenye harusi tu, sasa yuko kwaya ya vijana, sauti ya pili, na anapiga makofi kabla wenzake hawajaanza. Mwingine anafagia uwanja bila kutumwa. Kwenye mnada wa sikukuu ya mavuno anapandisha bei ya jogoo ambaye anajua fika hana hela ya kumlipia, ili mradi jina lake lisikike kwenye kipaza sauti. Mkutano wa injili wa kawaida unataka jukwaa, jenereta, maspika, na mgeni wa mbali asiyekula kitu ila kuku. Barua inataka nusu ukurasa. Kwa kazi hiyo napendekeza ibarikiwe, ivishwe joho na kola, ipewe nyumba ya mtumishi, ihamishwe kila baada ya miaka kadhaa ili sharika nyingine nazo zifaidi, na siku ya kustaafu ichangiwe ng'ombe. Kasoro yake ni moja: waongofu wake huanguka wote kwa pamoja, vyuo vinapofunguliwa.

Tena ni ya ukoo wa kale. Paulo, katika sura ya tatu ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, aliuliza kama kweli anahitaji barua za sifa, akasema waumini wenyewe ndio barua yake. Maneno ya mtu ambaye hajawahi kuomba chuo. Lakini huyo huyo, katika Warumi 16, alimwandikia Fibi wa Kenkrea mistari miwili tu, akaomba apokewe na asaidiwe. Hakutaja kadi ya ahadi.

Naam, kadi. Hapa sifa inanikwama kooni. Mpwa wangu, anayeomba hiyo theolojia, ana alama za kumtosha. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa programu nyingi inataka angalau principal mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Mwenye D mbili ameshafika. Binti huyu alipapita hapo mbali. Usharika mmoja wa huku kwetu, siutaji kwa kuwa bado tunatarajia utuzike, ukafungua daftari: kaya yao inadaiwa ahadi ya jengo. Ahadi aliiandika baba yake, mwaka ambao alizeti ilikuwa na bei. Anayedaiwa leo ni mtoto. Barua ikalala. Muhuri umefungiwa kabatini, na ufunguo umekwenda semina. Dirisha la maombi la awamu ya kwanza likafungwa.

Jirani yetu, Mwislamu wa swala tano, aliomba ualimu kwenye chuo kikuu kingine cha kanisa. Si ajabu: SAUT ya Mwanza, ya Wakatoliki, na St. John's ya Dodoma, ya Waanglikana, husomesha watu wa dini zote, na tangu 2017 muombaji hutuma maombi chuoni mwenyewe, si tena kupitia mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza 2010. Akakaa steshenari, akaingiza namba zake za mtihani, akalipa ada ya maombi kwa simu, akawahi magharibi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza ahadi ya mtu. Anayeulizwa ni yule anayetaka kulitumikia kanisa maisha yake yote, kwa mshahara tunaoujua. Halafu kila mkutano mkuu tunasomewa taarifa kwamba watumishi hawatoshi, tuzidi kumwomba Bwana wa mavuno. Bwana wa mavuno ameshaleta! Kaketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mhazini, bahasha ya vyeti mapajani, anaambiwa arudi Alhamisi.

Deni tulilipa. Barua ikatoka siku hiyo hiyo, muhuri wa zambarau umekolea. Inasema ni mwaminifu na mtoaji mzuri. Aya ya pili ina jina lake, aya ya tatu ina jina la kijana wa mwaka jana. Mhazini amekubali irudiwe, ila rimu ya karatasi tuje nayo.