Kioo, Granaiti na Maji ya Birika

Mtoto wa Mwanza akiletwa Makete mwezi Juni, kwanza hutetemeka, kisha huanza kuuliza. Huyu wa darasa la sita alikuja likizo kwa mjomba wake akiwa na sweta moja jepesi na mazoezi ya Jiografia na Kiingereza. Mjomba ni mtu wa majibu. Akiulizwa jambo analolijua hujibu taratibu. Asilolijua hulijibu kwa sauti kubwa.

Asubuhi nje kulikuwa kweupe: majani, paa la jiko, kioo cha mbele cha pikapu.

"Mjomba, usiku ilinyesha mvua ya barafu?"

"Ilinyesha, mjomba wangu, tena kubwa!"

Haikunyesha hata tone. Sakitu haianguki kutoka juu. Usiku wa Juni katika nyanda hizo mara nyingi hauna wingu wala upepo, hivyo joto la ardhi hupotelea angani bila kizuizi. Mvuke uliomo hewani ukigusa kitu kilichopoa chini ya nyuzi 0 huganda palepale, bila hata kupitia hatua ya kuwa maji. Hewa baridi nayo ni nzito. Huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana viazi vya bondeni huweza kuamka vimekufa huku vya mteremkoni vikiendelea kuchanua. Wakulima husema viazi vimeungua, na mtoto aliposikia hivyo akataka kujua ni nani aliyewasha moto. Kwa kweli barafu huharibu chembe za jani, na jua likishatoka jani hulegea na kuwa jeusi, kiasi kwamba mgeni anaweza kuapa kwamba shamba limechomwa.

Mjomba hakuwa na muda wa chembe. Alikuwa na safari. Akachukua birika la maji yaliyokuwa yakichemkia chai, akalimimina lote kwenye kioo. Pa! Ufa ukaanzia pale kijiwe cha lori kilipodonoa mwaka uliopita, ukatembea hadi upande wa dereva. Uso wa nje wa kioo ulikuwa umetanuka ghafla wakati wa ndani ungali baridi, na penye kidonda ndipo pakaachia.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba mtoto alifurahi. Daftari lake la Jiografia lilisema hivyohivyo kuhusu miamba ya jangwani: mchana hutanuka kwa jua, usiku husinyaa, mwisho hupasuka. Shahidi alikuwa ameegeshwa uani. Bahati mbaya granaiti ina roho ngumu kuliko pikapu. Mwaka 1936 Mmarekani David Griggs alichapisha matokeo ya kupasha na kupoza kipande cha granaiti mara nyingi kiasi cha kulingana na miaka 244 ya jua na usiku, na jiwe halikuonyesha badiliko. Alipoanza kulipoza kwa maji ndipo likaanza kuchakaa upesi. Maji ndiyo mhuni wa habari hii. Yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa ndani ya ufa yanaweza kuusukuma mwamba mpaka ukaachana. Karibu na kilele cha Kilimanjaro kazi hiyo hufanyika kwa zamu: usiku yanaganda, mchana yanayeyuka.

"Na mawe ya kwetu Mwanza, Mjomba?"

"Baridi hiyohiyo!"

Mwanza, ambako watu hulala na feni! Mawe yale ya mviringo yaliyobebana vilimani, pamoja na lile la Bismarck lililosimama ziwani, hayakuhitaji sakitu. Granaiti ilikuwa chini ya udongo, maji yenye asidi kidogo yakapenya kwenye nyufa zake na kugeuza sehemu ya madini yake kuwa mfinyanzi. Pembe, zinazoshambuliwa kutoka pande zaidi ya moja, zilioza kabla ya viini. Udongo ulipochukuliwa na mvua, viini vikabaki juu. Mtoto anayecheza juu ya mawe hayo kila siku alistahili kuambiwa habari zake kabla ya zile za jangwa ambalo hajaliona.

Kiingereza kilikuja jioni. Zoezi lilitaka "freeze" katika wakati uliopita. Mjomba akaandika "frost" bila kusita. Mkewe, mwalimu mstaafu, akafuta na kuandika "froze", ingawa tuwe waungwana: maneno hayo mawili yana shina moja la kale, kwa hiyo Mjomba alikosea kwa kukaribia. Mtoto akaendelea kwa mantiki safi: "squeeze, squoze, sneeze, snoze." Alipoambiwa hapana, ni "squeezed" na "sneezed", aliuliza kosa lake liko wapi. Halikuwapo. Mjomba akacheka Kiingereza kuwa lugha isiyo na utaratibu, na mkewe akamuuliza mbona yeye humwita mtoto kwa "njoo" badala ya "ja".

Kabla ya kulala, Mjomba alitoa turubai stoo ili afunike pikapu, na safari hii alikuwa sahihi: kifuniko hupunguza joto linalopotelea angani. Mkewe alimkuta uani, akalichukua turubai, akaenda kulitandaza juu ya kitalu chake cha nyanya.

"Nyanya bado hazina ufa," alisema.