Namna ya Kuosha Vyombo vya Linux

Unanakili filamu kwenye flashi. Kompyuta inatangaza imemaliza kabla hujapepesa macho. Ukitaka kuchomoa, inakwambia ngoja, na unangoja mpaka chai inapoa. Haijakudanganya: data imeshapokewa kwenye RAM, ila kwenye flashi bado haijafika. Mafundi wa Linux huita kurasa hizo za kumbukumbu "chafu", na jina limezikaa. Ni vyombo vya jana kwenye beseni.

1. Chungulia beseni. Andika `grep Dirty /proc/meminfo`. Namba utakayoiona ni kilobaiti zinazosubiri kuoshwa.

2. Wajue wasimamizi wawili. Wa kwanza, `vm.dirty_background_ratio`, kwa kawaida ni 10: uchafu ukifika asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, uoshaji unaanza kimyakimya. Wa pili, `vm.dirty_ratio`, ni 20, na hana mchezo: aliyekula anashikishwa dodoki. Programu inayoandika inazuiwa mpaka beseni lipungue.

3. Piga hesabu. Kwenye mashine ya GB 16, asilimia 20 inakaribia GB 3. Flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde itazimaliza kwa dakika 5. Beseni ni la harusi, muoshaji ni mmoja.

4. Badili beseni. Acha asilimia, weka baiti: `vm.dirty_background_bytes=67108864` na `vm.dirty_bytes=268435456`, yaani MB 64 na MB 256. Zile asilimia zitasomeka sifuri; ndivyo inavyotakiwa, kwani kipimo kinachotumika ni kimoja tu. Ziandike kwenye faili la `.conf` ndani ya `/etc/sysctl.d`, zisipotee ukiwasha upya.

5. Usioshe kijiko kimojakimoja. Ukibana mno, diski inakosa nafasi ya kukusanya maandishi madogo na kuyaandika kwa mkupuo, na kazi yote inazorota. Anza na namba hizo, pima, kisha rekebisha.

6. Umeme hauna subira. Ukurasa mchafu unaweza kukaa sekunde 30 hivi kabla haujahesabiwa kuwa umechelewa. Umeme ukikatika kabla ukurasa huo haujaandikwa, ukurasa ndiyo umekwenda, hata kama ulikuwa na hesabu za duka za mwezi mzima. Mipaka hupunguza lundo tu. Kwa hiyo kabla ya kuchomoa flashi andika `sync`, usubiri amri imalize, ndipo uitoe. Mgeni haondoki na sahani ya mwenyeji.